Mabingwa wa 777

Wapo mafundi wenye dawa moja tu. WordPress ikigoma kupokea picha kwenye seva ya Ubuntu, wanaandika chmod -R 777, wanakunja mikono, wanatuma ankara. Hongera zao! Sasa kila mwenye akaunti kwenye seva ile anaweza kuchezea hata faili la wp-config.php, lenye nywila ya hifadhidata. Kuuliza folda ni ya nani? Aa, huo umbea. Kumbe Apache inafanya kazi kwa jina la www-data, na folda ya uploads ni mali ya root. Chown moja ingemaliza kesi, folda zikabaki 755 na mafaili 644. Wakihamia Red Hat, SELinux ikaikataa hata hiyo 777, bwana fundi hababaiki: anaizima SELinux.