Shingo ya Gitaa na Washauri Wake

Miongoni mwa ala zote ambazo mwanadamu amezibuni ili kuuliwaza moyo wake na kuwanyima majirani usingizi, ni nadra kuipata ambayo mbuni wake alikwisha kukadiria, kabla hajaiuza, kwamba siku moja itahitaji shingo nyingine. Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton katika California, mtu ambaye mpaka anaiaga dunia hakujua kupiga gitaa, ndiye aliyeingiza sokoni mwaka 1950 gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha ubao mtupu, na shingo yake akaifunga kwa skrubu nne, ili ikichakaa au ikivunjika ing'olewe na kutiwa nyingine bila ya matanga. Washindani wake wa kampuni ya Gibson waliendelea kuzigandisha shingo zao kwa gundi, na shingo ya namna hiyo ikivunjika mwenyewe hana budi kumtafuta bingwa. Rai ya Fender ilikuwa njema na nafuu yake kubwa. Ila ilizaa nakisi moja ambayo yeye, kwa kuwa hakupata kuishi Buhongwa, hakuweza kuitambua: ilimfanya kila mwenye bisibisi ajihesabu kuwa fundi wa magitaa, na katika Buhongwa hii yetu, kusini mwa jiji la Mwanza katika njia iendayo Shinyanga, sijapata kuingia nyumba isiyo na bisibisi.

Gitaa la bendi ya vijana wetu lilivunjika shingo karibu na Mkolani, mahali ambapo dereva wa bodaboda alimkwepa mbuzi, mbuzi akamkwepa dereva, na gitaa, lililokuwa limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, likakosa la kukwepa. Lilikuwa gitaa la solo, la mfano wa yale ya Fender ingawa halikutoka kiwandani kwake, na vijana walikuwa wamelipaka rangi ya kijani ya geti, tabaka juu ya tabaka, kila walipoalikwa katika harusi kubwa. Mimi, mwalimu mstaafu nisiyejua kupiga hata zumari, nilikuwa mtunza vyombo vya bendi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nyumba yangu ina stoo yenye kufuli. Kwa hivyo majeruhi aliletwa kwangu. Vijana waliingia jioni wamevua kofia, wakaniamkia shikamoo kwa sauti ya msiba, wakaweka juu ya meza kiwiliwili upande huu na kichwa upande ule, vikiwa bado vimeunganishwa kwa nyuzi sita.

Shingo ya kwanza iliagizwa kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ikaja kwa basi mpaka stendi ya Nyegezi, na huko karatasi ilipofunguliwa ikadhihirika kwamba ni shingo ya gitaa la besi, yenye funguo nne badala ya sita, na urefu uliopita kiasi. Katika daladala ya kurudi Buhongwa abiria walibishana kama lile ni kasia la namna gani, mpaka mvuvi mmoja akalipokea, akalipima mkononi, akatoa hukumu kwamba mtumbwi utakaopigwa kasia jembamba namna ile hautafika hata Kamanga. Muuzaji naye, alipopigiwa simu, alijibu kwa utulivu mkubwa kwamba funguo mbili zilizopungua zinaweza kuongezwa baadaye.

Hapo ndipo ilipolazimu kufungua vitabu, nami nikapata kuona kwamba gitaa ni hesabu kabla halijawa muziki. Katika magitaa ya namna ya Fender, uzi hupimwa milimita 648 tangu pale unapoanzia karibu na kichwa mpaka unapolala darajani juu ya kiwiliwili, ilhali besi huchukua 864, na magitaa mengi ya Gibson huridhika na 628 hivi. Vile vipingo vya chuma, ambavyo vijana huviita freti, hupangwa juu ya shingo kwa kadiri ya urefu huo, na freti ya 12 haina budi kuangukia nusu kamili ya safari, yaani milimita 324. Shingo iliyopangwa kwa hesabu nyingine unaweza kuibana, kuigongomea na kuiombea dua, lakini kila noti itatoka nje ya njia. Nikamwamuru mweka hazina amsomee muuzaji tarakimu hiyo moja, 324, naye asikubali kukata simu mpaka muuzaji airudie kwa kinywa chake. Shingo ya pili ilikuja, ikapimwa kwa rula ya shule, ikawa sahihi.

Habari za kuwasili kwake zilienea upesi, na asubuhi ya Jumamosi barazani kwangu palikuwa pamekaa seremala wa vitanda, fundi wa redio, na mzee mmoja aliyewahi kupiga rithim zama za muziki wa dansi, ambaye kila shauri lake alilitegemeza kwa jina la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kilianza kwenda mrama kabla ya chai kuiva, kwa maana kitako cha shingo, ambacho aghalabu huwa na upana wa milimita 56, kilikataa kuingia katika kidaka kilichochongwa katika kiwiliwili ili kukipokea. Seremala alisema shingo ipigwe randa. Fundi wa redio alisema haramu kuigusa shingo mpya, bali kidaka ndicho kipanuliwe kwa patasi. Mzee wa rithim alisema kwamba wakati Mbaraka alipokuwa akiwachezesha watu mpaka alfajiri, hapakuwa na hata mmoja aliyesimama kumwuliza upana wa kitako cha shingo yake.

Walihojiana hivyo kwa hoja na kwa birika mbili za chai, sukari yangu ikipungua na shingo ikikaa nje palepale, hata mpiga ngoma wa bendi, kijana mnyamavu, akakohoa na kusema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, wazee wangu. Ndani ya hicho kidaka nako nilipaka rangi ya geti. Mara tatu. Nilihofia kutu."

Seremala akamtazama, akautazama ubao, akasema kwamba katika miaka yake yote hajapata kuuona mninga ulioshikwa na kutu. Rangi ikakwanguliwa kwa kisu na msasa, na shingo ikaingia kidakani kwa kusukumwa kwa kiganja tu.

Waliodhani kazi imekwisha walikuwa na haki ya kudhani, lakini shingo kuingia si shingo kunyooka. Matundu manne ya kiwiliwili yalikuwapo, ila shingo mpya haikuwa na tundu hata moja, na tundu likishatobolewa upande halirudi. Hapo mvuvi yule wa daladala, ambaye alikuwa amefika kuona kasia lake limeishia wapi, alitoa mfukoni mshipi wa kuvulia. Tukavuta nyuzi mbili za mshipi kutoka kichwani mpaka darajani, moja mahali pa uzi mnene wa kwanza, nyingine mahali pa uzi mwembamba wa mwisho, tukaisogeza shingo kushoto na kulia mpaka nafasi baina ya mshipi na ukingo wa shingo ikawa sawa pande zote mbili. Katika mambo yote yaliyosemwa siku ile hilo ndilo lililokuwa na maana zaidi, na aliyelileta ndiye peke yake ambaye hakudai kwamba anajua magitaa.

Seremala, ili asipitwe na heshima, alichomoa skrubu nne za inchi 3, ambazo kwa mujibu wake hazijapata kukiangusha kitanda chochote cha maarusi. Nikaomba kwanza tufanye hesabu ya darasa la nne. Kiwiliwili kina unene wa milimita 45, kidaka kimeingia ndani 16, umebaki ubao wa 29, kitako cha shingo ni 25, jumla 54. Skrubu ya inchi 3 ni milimita 76. Kwa hiyo ingalipita kiwiliwili, ikapita shingo, ikatokeza juu kwa takriban milimita 20, mahali ambapo mpiga solo huweka vidole vyake akitaka kusifiwa. Seremala akazirudisha mfukoni huku akisema kwamba vitanda havina masharti mengi namna hiyo. Tukatumia skrubu za zamani za milimita 45, na kwa kuwa umeme ulikatika palepale drili ilipochomekwa, matundu yalitobolewa kwa keekee ya mkono, iliyofungwa utepe kuonyesha kina cha mwisho, na skrubu zikapakwa sabuni ya mche ili ziingie bila ya kuupasua ubao.

Nyuzi zilipokazwa, zilisimama juu ya freti kwa kimo ambacho mjusi angepita bila ya kuinama. Dawa yake ni kipande chembamba kinachotiwa chini ya kitako, upande wa ndani wa kidaka ulio karibu na daraja, ili shingo ilale nyuma kidogo na nyuzi zishuke. Hata kwa Fender wenyewe vipande hivyo vilitumika, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipobuni skrubu ndogo ya kuinamishia shingo. Nyumbani kwangu karatasi ngumu ilikuwa moja tu: kadi ya mchango wa harusi, yenye mapambo ya dhahabu, ambayo nilikuwa nikiikwepa kwa majuma. Ikakatwa, ikatiwa, na nyuzi zikashuka. Mjumbe wa kamati alipokuja kuulizia, nilimjibu kwa ukweli mtupu kwamba kadi yake nimeihifadhi mahali pema na kwamba inafanya kazi kubwa. Akasema amefurahi kusikia hivyo, na akataka fedha.

Fedha akazipata, na bendi ikapiga katika harusi iyo hiyo, na gitaa likakubaliana na wenziwe tangu freti ya kwanza mpaka ya mwisho. Mzee wa rithim alisema ni kwa sababu ya shauri lake, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa pilau ilikuwa imeletwa. Nawe msomaji, ukijaliwa siku moja kulitia gitaa shingo mpya, washauri wape chai, na rula mpe mamlaka: upime 324 kabla hujatuma fedha, uvute mshipi kabla hujatoboa, na skrubu za kitanda uziache kitandani.