Jinsi ya Kumpoteza Mhasibu Mzuri

Hatua zote zilizomo humu nimeziona zikifuatwa katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na kila moja inaleta matokeo. Mfanyakazi mwenye usonji ataondoka mwenyewe. Hutahitaji hata kumwandikia barua ya onyo.

Anza na salamu. Akiingia asubuhi akapitiliza mpaka mezani kwake, usijiulize kama ametoka kusimama saa nzima kwenye daladala, honi na muziki vikiwa bado vinamgonga kichwani. Sema ana dharau. Lirudie neno hilo wakati wa chai, na ikifika Ijumaa ofisi nzima italijua isipokuwa yeye.

Kazi mpe kwa mdomo, koridoni, huku unatembea. "Ile ripoti niletee mapema." Mapema ni saa ngapi? Ile ni ipi kati ya tatu? Akiuliza, mjibu kwamba mtu mzima haulizi mambo hayo. Mwenzangu, ambaye meza zetu zilipakana kwa miaka miwili, alikuwa akirudi na maagizo ya namna hiyo mikono ikimtetemeka, akaandika haraka kila neno alilolikumbuka kabla halijampotea. Huyo huyo ndiye aliyegundua ankara iliyolipwa mara mbili, wakati sisi wengine tulikwishaipitia na kuitia sahihi. Mstari mmoja wa WhatsApp ungemtosha.

Taa inayopepesa juu yake iache. Mashine ya fotokopi iwe mgongoni kwake. Akivaa visikizio, mwambie avivue.

Kwenye tathmini ya mwaka mkate alama kwa kutokukutazama machoni. Hili linaniuma kuliko yote. Sisi tulilelewa tukiambiwa mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa. Leo mtu anainamisha macho ili apate kusikia vizuri unachosema, nasi tunaandika kwenye fomu: hajiamini.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Hapo wewe hesabu kwa macho tu: magongo, fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu. Ambaye hali yake haionekani atanyamaza, kwa kuogopa kuitwa chizi, na ataigiza. Atacheka wenzake wanapocheka, atapanga uso wake kutwa nzima, kisha afike nyumbani hana nguvu hata ya kupasha chakula moto. Tukiona ameanza kukosea mahesabu tutasema kazi imemshinda, kumbe kilichomchosha ni kutuigiza sisi.

Mwenzangu aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili. Aliyechukua nafasi yake alilalamikia kelele za fotokopi siku ya kwanza tu, na kabla ya saa sita mchana mashine ilikuwa imeshahamishwa.