Wiki ya Mvukuto

Jumatatu. Nimefunga madirisha, nikazima taa na kuingiza tochi ndani ya mvukuto wa kamera. Ni Thornton-Pickard ya mbao, kazi ya Altrincham, Uingereza, ya bamba la inchi 4¾ kwa 6½. Nukta za mwanga zimejaa pembeni. Pembeni ndipo ngozi hujikunja pande mbili kwa mpigo, na ndipo huchoka kwanza. Kifuniko cha filamu kikishavutwa, nukta moja yatosha kutia picha ukungu.

Jumanne. Jirani kaleta kopo la rangi nzito nyeusi. "Paka tu, mzee, matundu yataziba." Yangeziba, lakini mikunjo ingenenepa na kamera isifungike tena. Kopo kaliacha mlangoni.

Jumatano. Foleni ya vifurushi tangu asubuhi. Karani ameiandika ngozi yangu ya mvukuto mpya kuwa ni viatu. Nikamweleza kuwa ni nyembamba kuliko ya kiatu chochote. Kanituma dirisha la pili, nalo lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Ngozi nimeipata alasiri.

Alhamisi. Nimeubandua mvukuto wa zamani taratibu. Hautupwi, maana ndio kipimo pekee nilichonacho. Kati ya ngozi na kitambaa cha ndani kuna vipande vya karatasi ngumu, na uhai wote wa kitu hiki umo katika nafasi kati ya kipande na kipande. Ikibana, mvukuto haukunjiki. Ikizidi, unalegea na kuning'inia mbele ya filamu, ukakata kona za picha. Nilikuwa katikati ya kupima, umeme ukakatika.

Ijumaa. Dukani nimeuliza pamba nyeusi ya kitambaa cha ndani. "Hii hapa, mjomba, nyeusi tii." Nimeitoa juani: ni buluu, na jua linapita. Nyeusi nimeipata duka la nne, kwa bei ya harusi.

Jumamosi. Gundi, kisha kukunja kwa vidole kuanzia upande mwembamba. Pande mbili zikipanda, mbili nyingine zinashuka. Kazi nzuri hii, mtu hachoki nayo. Nikaukandamiza chini ya vitabu. Jioni mjukuu kaja: "Babu, nataka cha hesabu." Kilikuwa cha chini kabisa.

Jumapili. Tochi tena. Pembe zote giza totoro. Mwanga unapenya mahali pamoja tu, pale mvukuto unaposhikana na fremu ya mbele, kwa kuwa mbao imepinda. Seremala yuko harusini Pemba mpaka Alhamisi.