Mwewe Hana Rimoti

Nimesadiki, waungwana, kwamba binadamu huidharau neema isiyokuwa na risiti. Hapa Mtinko, katika mkoa wa Singida ambao umeme wake wa upepo umevuma miaka mingi majaladani kuliko vilimani, muhibu wa vile videge visivyo na injini, viongozwavyo kwa redio na mtu aliyesimama chini, huagiza mbao za balsa, ambazo kwa wingi hutoka Ekwado, ilhali mabua ya mtama, mepesi na yasiyotozwa ushuru, yamelala mlangoni pake. Kisha hukaa juma zima na mizani, kwa taadhima ya kadhi agawaye mirathi, ili kitovu cha uzito kiangukie takriban robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwani kikirudi nyuma mno, chombo hupepesuka kama mlevi, na kikizidi mbele, huinamia ardhi kama mdaiwa.

Otto Lilienthal, Mjerumani aliyetaalamu kwa kuwatazama korongo, aliruka takriban mara 2,000 kabla ya ajali iliyomuua mwaka 1896. Fundi wetu yeye hajawatazama hata kuku wake. Na juu ya shamba la alizeti, mwewe, asiye na rimoti wala kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, huzunguka katika hewa ya moto bila kupiga bawa, kisha hushuka kwa adabu kumchukua kifaranga wa fundi, ambaye wakati huo, maskini, anachaji betri.