Pasti ya Maili Ishirini

Mkate wa nyama uliokaa mkobani tangu asubuhi, kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hauumwi, unavunjwa. Ndiyo maana huku Rasi ya Keweenaw, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, Marekani, wanaume wazima wenye majiko mazuri majumbani mwao hupasha chakula juu ya injini.

Nasema wanaume kwa makusudi. Mwenyeji wangu, mzee wa ukoo wa Kifini kama walivyo wengi wa huku, hajui sufuria za nyumbani kwake zinakaa kabati gani. Lakini fungua boneti ya pikipiki yake ya theluji uone: anakunja mikono ya koti, anaamrisha huyu na kumfokea yule kama mpishi mkuu wa pilau la harusi.

Theluji ya huku si ya mchezo. Upepo wa baridi huvuka Ziwa Superior, ukazoa unyevu njiani, ukifika nchi kavu unautua wote juu yetu. Kando ya barabara namba 41, karibu na Mohawk, kuna nguzo ndefu inayoonyesha kilichoanguka msimu wa 1978–79: inchi 390 na ushei, yaani karibu mita 10. Kwa hiyo watu huingia msituni na pikipiki hizo zenye mbao za kutelezea mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, nao hurudi jioni. Hakuna mama ntilie njiani.

Kuna injini, basi. Chini ya boneti moshi hupita kwenye bomba nene lililovimba tumbo, kisha ukaingia kwenye sailensa, na vyote viwili hupata moto wa kukaangia. Madukani huuzwa visanduku vya chuma vya kufunga juu yake. Mzee anaviona ni vya watu wa mjini. Yeye hufunika chakula kwa foili, mikunjo mitatu, akakikaza kwa waya mbali na mkanda wa injini na mbali na kebo ya mafuta, maana kebo ikinasa pikipiki haisimami, na hapo utakula mti kabla ya chakula.

Shida ni kwamba jiko hili halina moto mdogo wala saa. Mapishi hupimwa kwa maili. Pasti iliyogandishwa ni maili 20, ukiigeuza katikati. Chapati zangu ni maili chache tu. Lakini maili ya kupanda kilima kwenye theluji ya kiunoni, injini ikilia, si sawa na maili ya njia iliyoshindiliwa, kwa hiyo mara nyingi unapata chakula chenye tabia mbili: chini mkaa, juu barafu. Ukilalamika, Mzee atakwambia uliendesha vibaya. Hajawahi kukubali kwamba chakula kimepikwa vibaya.

Hiyo pasti ni andazi nene la nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu, lililoletwa huku karne ya 19 na wachimba madini kutoka Cornwall, Uingereza, walipofuata shaba ya Keweenaw. Husimuliwa kwamba walikuwa wakiipasha mgodini juu ya koleo, mshumaa chini yake. Kwa hiyo pasti haijawahi kudai jiko la heshima. Mchuzi wa kuku wa nazi, kwa upande wake, unadai. Nilipoufunga kwenye foili ulivuja kwenye mteremko wa kwanza, ukaungua juu ya bomba, na msafara mzima nyuma yangu ukaacha kufuata alama za njia ukafuata kitunguu saumu. Tulipotea kwa pamoja, na hakuna aliyelalamika.

Dada yangu wa Tanga aliniuliza kwenye simu kama harufu ya oili haiingii chakulani. Inaingia. Wenyeji huiita kiungo.

Sheria moja tu haina mjadala: kopo la bati litobolewe kwanza. Kijana mmoja wa msafara, msomi wa uhandisi, aliipinga kwa hoja. Kutoboa kopo la maharage, alisema, ni kupoteza unyevu. Mzee alimtazama, akasogeza pikipiki yake mbali kidogo, akawasha kiko. Tulipopanda kilima cha pili ulisikika mlio wa bunduki, na boneti ya kijana ikainuka kama anayetaka kuuliza swali. Unyevu haukupotea. Tuliukuta wote: kwenye nyaya za plagi, kwenye kichujio cha hewa, na kwenye mkanda wa injini, ambao kwa maharage hauendeshi chochote, unateleza tu. Tulimvuta kwa kamba hadi barabarani, naye njia nzima akitueleza habari za mgandamizo.

Fundi alipofungua mashine ile siku ya pili hakuuliza kilichotokea. Alichovya kidole, akaonja, akasema chumvi imepungua, kisha akaandika bei ya mkanda mpya.