Kusaka Sarafu Chepsaita Mwezi wa Julai

Lipo wazo linalowanasa hata watu wenye akili zao timamu: kununua mashine ya kutambua chuma, ndugu mkubwa wa kile kifimbo ambacho mlinzi wa supamaketi mjini Eldoret hukupitishia kiunoni, kisha kwenda nayo Chepsaita, Uasin Gishu, kusaka sarafu za kale. Wenye wazo hili wana hoja ya kitaalamu pia. Udongo uliolowa, wanasema, hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu, hivyo mashine husikia mbali zaidi; kwa hiyo msimu wa mvua na baridi ndio wa kutoka. Mimi nashikilia kwamba ardhi ya Chepsaita ina chuma cha kila namna isipokuwa hela, na kwamba Julai ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kwenda kulihakikisha jambo hilo.

Hiyo sayansi ya udongo siikatai, ila inataja usikivu bila kutaja kelele. Udongo mwekundu umejaa kutu ya asili, na mashine isiyorekebishwa vizuri huunung'unikia kila hatua, kuwe na sarafu chini au kusiwe nayo. Kisha kuna mahindi. Hapa hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, kwa hiyo Julai yamempita mtu kimo, na sahani ya mashine haina pa kuyumbia bila kuangusha ugali wa mtu. Na baridi ipo: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya alasiri ikishuka, vidole hufa ganzi, mashine huvikwa mfuko wa nailoni, na gambuti hubaki topeni huku mguu ukiendelea na safari peke yake. Mwindaji anayechimba akiwa na soksi moja hawezi kuwaeleza wapita njia kwamba yuko kazini.

Na anachimbua nini? Vifuniko vya soda, vipande vya seng'enge, misumari ya mabati, meno ya plau, zipu. Chepsaita ni maarufu kwa mbio za nyika, kwa hiyo mtu atarajie pia vichuma vya viatu vya wanariadha waliomwacha mbali. Mlio mzuri kuliko yote, ule mnene usiokatika unaofanya moyo udunde, hutoka pembeni mwa shamba. Mwindaji hupiga magoti, huchimba kwa pupa, na hukutana na kichuma kilichosimikwa ndani ya saruji: bikoni ya mpaka. Kuing'oa ni kosa kisheria. Kuonekana tu umeipigia magoti ukiwa na jembe ni balaa jingine, maana majirani wawili ambao hawajasalimiana kwa miaka wataungana siku hiyo dhidi yako.

Lakini sababu kubwa iko kwenye historia. Sarafu hupatikana pale zilipohesabiwa, zikafichwa, zikadondoka. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 yalifukuliwa maelfu ya vipande vidogo vya fedha vya masultani wa pwani. Kisiwani Manda, ilitangazwa mwaka 2013, ilipatikana sarafu ya China ya mfalme Yongle. Hiyo ilikuwa miji ya biashara. Uasin Gishu akiba ilikuwa na kwato. Ng'ombe hadondoki kwenye tundu la mfuko, na akipotea hujitangaza mwenyewe kwa sauti. Rupia na senti zilipofika na utawala wa Waingereza, zilifika na kodi ya kibanda nyuma yake: kibarua alilipwa kwa mkono mmoja, serikali ikazichukua kwa mwingine kabla hazijapata muda wa kuanguka.

Nitaambiwa: na senti zile zenye tundu katikati, si watu walizitunga kwenye kamba, na kamba si hukatika? Hukatika, naam. Ila mtu ambaye senti zake kumi zimemwagika hakwenda zake akiimba. Aliinama akaziokota zote, na watoto wakamsaidia kwa uaminifu wao wa kawaida. Nitaambiwa tena kuhusu Makaburu waliokuja na magari ya ng'ombe mwaka 1908 wakiongozwa na Van Rensburg, kwamba walipoondoka uhuru ulipokaribia lazima waliacha dhahabu chini ya mti. Mkulima aliyelima kwa mkopo hana dhahabu ya kufukia. Na waliokuwa nayo walikuwa na benki: husimuliwa kwamba mwaka 1912 sefu ya Standard Bank ilishushwa hapo Eldoret, ikashindikana kusogezwa kwa uzito, ikabidi benki ijengwe kuizunguka. Penye sefu ya namna hiyo, mti hauna kazi.

Tuseme basi bahati imekuangukia. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kukitafuta kunahitaji leseni. Kwa hiyo sarafu yenye thamani si yako, na ile unayoweza kuibeba nyumbani ni senti kumi za mfalme George, ambazo mwaka wa 1930 zingekununulia kitu na leo hazikununulii hata andazi.

Kama mashine umeshainunua, subiri mahindi yavunwe mwishoni mwa mwaka, umwombe ruhusa mwenye shamba, na ufukie kila shimo, maana ng'ombe huvunjika miguu. Ukisikia mlio mnene pembeni mwa shamba, weka jembe chini na umwite mwenyewe kwanza.