Mtu Mzima wa Miaka Mitatu

Meli ya Icon of the Seas, mali ya kampuni ya Royal Caribbean, ilianza safari zake kutoka Miami mwezi Januari 2024. Ina sitaha 20 na mabwawa 7, na ikijaa pomoni hubeba abiria wapatao 7,600. Katika umati huo wote, ni kundi moja tu linalofanyiwa usaili kabla ya kuruhusiwa kustarehe, nalo ni la watoto wa miaka mitatu. Usaili una swali moja: umeacha nepi au bado? Aliyeacha anaingia klabu ya watoto, inayoitwa Adventure Ocean, na kwa saa za kawaida halipishwi kitu. Ambaye bado anarudishwa kwa mama yake, hata kama anahesabu mpaka mia na anawaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Baba wa mtoto huyohuyo haulizwi chochote kuhusu uwezo wake wa kujizuia. Akishalipa nauli na kuonyesha pasipoti, anahesabiwa kuwa amekomaa, na baa inaanza kumhudumia.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Ukiitazama meli ya kitalii kwa makini utakuta kwamba utu uzima wote umefungiwa ndani ya klabu ya watoto, na nje ya mlango wake, kuanzia sitaha ya chini hadi ya juu kabisa, kuna chekechea kubwa inayoelea. Najua maneno haya yatawaudhi watu waliojinyima muda mrefu ili wapate nauli. Wanivumilie, ushahidi upo.

Tuanze mlangoni pa klabu. Kampuni ya Carnival huwapanga watoto kwa rika: Pengwini ni wa miaka 2 hadi 5, Taa (yule samaki mwenye mwiba mkiani) ni wa 6 hadi 8, na Papa ni wa 9 hadi 11. Mtoto anajua yeye ni nani na anakaa na wenzake wa umri wake, jambo ambalo watu wazima wa melini wamelisahau kabisa, ndiyo maana unamkuta mjomba wa miaka 60 akigombea kipaza sauti cha karaoke na vijana. Mtoto anaandikishwa akiingia na anaandikishwa akitoka. Mkononi ana bangili yenye alama ya kituo chake cha kukusanyikia, ili ikitokea dharura baharia yeyote atakayemkuta ajue pa kumpeleka. Na kwenye meli za Disney, kabla hajagusa mdoli hata mmoja, anasimama mbele ya mashine yenye matundu mawili ya mviringo, anakunja mikono ya shati, anatumbukiza mikono yote miwili, na maji yenye sabuni yanamrukia kutoka kila upande. Mikono haitoki kabla mashine haijanyamaza. Halalamiki. Wapo wanaoomba kurudia.

Sasa mfuate baba yake kwenye bafe. Kwenye meli za kampuni ya Norwegian, kuwafanya watu wazima wasafishe mikono kumekuwa kazi ngumu kiasi kwamba mlangoni husimama mhudumu mwenye chupa ya dawa akiwaimbia "washy washy" kwa uchangamfu ambao kwa kawaida tunauhifadhi kwa watu wasiojua kufunga kamba za viatu. Mstaafu aliyewahi kuongoza idara nzima anatoa viganja vyake, anapuliziwa, anasifiwa, anaruhusiwa kwenda kuchukua soseji. Na bado wapo wanaojifanya wako kwenye simu ili wapite kando. Jambo lenyewe si la mzaha, kwa sababu virusi vya noro vikiingia melini huzunguka haraka, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hutangaza hadharani mlipuko wowote unaofikia asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia. Mtoto wa miaka minne ametimiza wajibu wake kwa afya ya jamii. Aliyebaki na deni anajulikana.

Mambo ya kwenye sitaha ya bwawa nisingeyataja kama yasingekuwa yanatangazwa na kampuni zenyewe kwenye ratiba ya siku. Carnival ina mashindano ya mwanamume mwenye kifua cha manyoya mengi kuliko wote. Royal Caribbean ina mashindano ya kujirusha bwawani kwa tumbo, ambapo mshindi ni yule ambaye kishindo chake kimewaumiza watazamaji kuliko kilivyomuumiza yeye. Wakati huohuo, chini kule klabuni, watoto wanachanganya gundi na rangi kutengeneza ute wa kuchezea, kila mmoja amevaa aproni, na aliyemwaga anafuta. Kisha kuna suala la viti vya kuotea jua. Watu wazima huamka alfajiri, wakatandaza taulo kwenye viti vinne, wakarudi kulala. Carnival ililazimika kuweka kanuni ya dakika 40: mhudumu anabandika karatasi yenye saa, na mwenye kiti asipotokea, vitu vyake vinaondolewa. Pengwini yeyote angewaeleza kwamba ukiinuka kwenye kiti, kiti si chako tena. Wao walifundishwa hivyo asubuhi ya kwanza, na kwa wimbo.

Tena wapo wanaokimbiza meli. Katika bandari za Karibea ni tamasha la kawaida: saa ya kuondoka imepita, kamba zinafunguliwa, na kutoka mbali anaonekana mtu na mkewe wakikimbia gatini, kofia za majani mkononi, huku abiria wenzao waliojipanga kwenye vibaraza wakiwashangilia kama wako uwanjani. Hujasikia Papa wa miaka 10 aliyeachwa na meli kwa sababu alikuwa bado anapatana bei ya fulana. Hata mamlaka zimeambukizwa. Mashua za kuokolea maisha kwa desturi hupakwa rangi ya chungwa, lakini Disney walikiomba kikosi cha ulinzi wa pwani cha Marekani kibali cha kuzipaka manjano, zifanane na viatu vya Mickey Mouse, na wakakipata. Maofisa wenye nishani walikaa kikao kwa ajili ya viatu vya panya.

Najua nitaulizwa kuhusu bwawa. Ni kweli, ajali ile isiyotajwa mezani ikitokea majini, mara nyingi chanzo chake ni mtoto mchanga. Bwawa linahamwa ghafla, dawa inamwagwa, utepe unafungwa, na watu mia mbili wanasimama na taulo wakimtazama mtuhumiwa wa miezi 14. Lakini kanuni za usafi za CDC zinasema wazi kwamba mtoto wa nepi haingii bwawani, hata kama nepi yake ni ile ya kuogelea, na meli nyingi zina sehemu maalumu ya maji ya kurukaruka iliyotengenezwa kwa ajili ya hao wadogo, yenye mfumo wake wa kuchuja. Kibao kipo ukutani na kimeandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto hajui kusoma. Aliyekisoma, akaangalia kushoto na kulia, akasema "dakika mbili tu" na kumchovya, ana shahada.

Mwanasheria atanikatiza hapa: nidhamu ya klabu si ya watoto, ni ya kampuni inayoogopa kushtakiwa. Nakubali. Bangili, saini, na lile neno la siri la kumchukulia mtoto kwenye klabu za Disney, vyote vilibuniwa na watu wanaoijua mahakama. Lakini kanuni za sitahani nazo zilitungwa na kampuni ileile kwa woga uleule, na bado upande mmoja unatii huku mwingine ukitafuta upenyo. Kuhusu woga, sidhani kama wengi wetu hufunga mkanda wa gari kwa mapenzi ya fizikia. Tunaufunga kwa sababu trafiki amesimama mbele. Halafu litazame hilo neno la siri lenyewe. Anayelisahau saa nne usiku, baada ya chakula cha jioni na vinywaji vyake, ni mzazi. Mtoto yuko nyuma ya kaunta, analikumbuka vizuri sana, na haruhusiwi kumnong'oneza.

Pingamizi zito zaidi ni la bibi. Mmelipa pamoja, mmesafiri pamoja, halafu mjukuu wangu mnamkabidhi kwa watu msiowajua? Anayeuliza hivyo anastahili jibu la heshima, nami nitaanza na vipimo. Chumba cha ndani cha kawaida melini, kisicho na dirisha, kina mita za mraba kama 16, na humo wanalala watu wanne, masanduku manne, na suti moja ambayo hairuhusiwi kukunjwa. Siku ya kushinda baharini ni ndefu. Yeyote aliyevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja na mtoto mdogo mapajani, bahari ikiwa imechafuka na mhudumu akipita kugawa mifuko ya kutapikia, anajua kwamba mapenzi ya familia yana kikomo chake, na kwamba saa mbili ni nyingi. Zaidi ya hapo, bibi mwenyewe enzi zake za kulea hakushinda na watoto kutwa nzima. Walikuwa uwanjani, barazani kwa jirani, chini ya mwembe wa watu, na walirudi njaa ilipowauma. Klabu ya melini ni jirani huyo, isipokuwa huyu anataka saini.

Mahali pamoja, hata hivyo, bibi ananishinda. Kuanzia saa nne usiku klabu nyingi huanza kutoza kwa saa, na kuna wazazi wanaolipa mpaka usiku wa manane ili waendelee kucheza muziki, mtoto akiwa amelala kwenye godoro jembamba, rangi za usoni za chui hazijafutwa. Baadaye anabebwa begani hadi chumbani, na asubuhi mhudumu anakuta chui amehamia kwenye foronya nyeupe. Huyo mzazi sina la kumtetea, na shuka anazifua mtu ambaye pengine watoto wake mwenyewe yuko mbali nao kwa miezi kadhaa.

Wala sidai kwamba kila mtoto anaipenda klabu. Wapo wanaong'ang'ania mguu wa mama tangu siku ya kwanza, na simu ya mlezi inampata mama huyo samaki wake akiwa ndiyo kwanza ameletwa mezani: mwanao hajatulia, tafadhali njoo. Hao hawajashindwa chochote. Wametazama, wamepima, wameamua. Kilio cha kinyume ndicho kigumu kukieleza, kile cha mtoto aliyefuatwa saa sita mchana kwa ajili ya chakula akakataa kutoka. Analia kwa sababu alikuwa na kazi na haijaisha. Mzazi, badala ya kumngoja amalize, anatoa hongo ya aiskrimu, na hapo mtumishi mwadilifu anaanza kuharibiwa. Kwa wale walio chini ya miaka mitatu kuna chumba cha watoto wachanga, cha kulipia kwa saa na chenye nafasi chache, na siku ya kupanda meli ndipo utakapoona tabia za wakubwa bila pazia: mikoba begani, viwiko nje, wakisukumana kwenye foleni ili wawahi kupata pumziko kutoka kwa mtu wa miezi minane. Yeye ametulia kifuani, ananyonya kidole.

Udhaifu wa kweli wa hoja yangu uko kwingine: utu uzima huo haudumu. Kwenye meli kadhaa, mtoto akifika miaka 8 au 9, mzazi anaweza kutia saini ya kumruhusu ajitoe klabuni mwenyewe. Siku ya kwanza anakwenda moja kwa moja kwa mama yake na kuripoti. Siku ya pili anapitia kwenye mashine ya aiskrimu, ambayo haimuulizi mtu umri wala ni ya ngapi. Siku ya tatu wako wanne ndani ya lifti, wamebonyeza vitufe vya sitaha zote, na wastaafu waliokwama nao wanasoma majina ya mikahawa mlango unapofunguka kila baada ya sekunde kumi. Akitimiza miaka 12 anahamishiwa klabu ya vijana, ambako watu huingia na kutoka watakavyo, na tangu hapo haonekani kabla ya adhuhuri. Miaka michache baadaye unamkuta mlangoni pa bafe akimkwepa mhudumu wa dawa ya mikono, simu sikioni, haongei na mtu, na baba yake aliye mbele kwenye foleni anageuka kumwonyesha jinsi ya kuishika ili iaminike zaidi.